Anayenuna Kashindwa

Alizaliwa wapi, baba yake nani, babu yake alikuja na msafara gani kutoka Unyamwezini, hayo msiniulize mimi. Nikimsikia mtu anaanza habari za Mwalimu kwa ukoo wake, najua huyo hakumjua. Mimi nilimjua kwa mifuko yake.

Alikuwa na koti moja la kaki, ndilo la kiangazi na ndilo la masika, lenye mifuko miwili mikubwa pembeni. Mfuko wa kulia alitia chaki. Wa kushoto alitia mkaa, vipande vidogo vidogo alivyookota jikoni kwa mkewe. Alipenda kutembea mikono imo mifukoni, basi mkono mmoja ulikuwa mweupe daima na wa pili mweusi, na kwa kuwa akiwaza alijishika mashavu, uso wake nao haukukosa madoa. Mkewe alikuwa Msambaa wa Bungu, mama mpole lakini asiyemeza neno. Alikuwa akisema mbele yetu wanafunzi, "Mimi nimeolewa na sufuria. Huku inang'aa, huku ina masizi." Mwalimu alikuwa akicheka mpaka anakohoa.

Shule yetu ilikuwa nje kidogo ya Misima, ukishapita mashamba ya mahindi. Vyumba viwili vya udongo, paa la bati, bustani ya mchicha na nyanya mbele, nyumba ya mwalimu nyuma. Leo haipo hata tofali. Darasa la nne tulikuwa ishirini na watano, wasichana watatu tu, mimi mmoja wao, na wavulana wengine walikuwa wameshaanza ndevu. Miaka ile ya mwisho ya Mwingereza mtu aliingia shule akipenda, au baba yake akipenda. Mimi alipenda baba. Mama alisema afadhali niende, huenda mwalimu akaweza kunifunga mdomo, maana yeye ameshindwa. "Mtoto huyu ukimpa siri," alisema, "bora uipigie ngoma uokoe muda." Wallahi hakunisingizia.

Sasa lazima niseme habari za utani, la sivyo hamtamwelewa mtu huyu. Sisi Wazigua na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara. Mnyamwezi akifika kwetu anatukanwa kwanza, kisha anapewa chakula. Mtani akimwona kuku wako anapita anaweza kumkamata akaenda naye, na wewe huna la kusema. Ukikasirika, wewe ndiye uliyekosa adabu na faini utatoa. Baba yangu na Mwalimu walikuwa hawasalimiani kwa salamu za watu.

"Wewe mbeba mizigo, hujafa tu?" baba anapiga kelele kutoka shambani.

"Nife nani atakuzika? Nakungoja wewe utangulie, nije nile wali wa matanga yako."

Hapo baba anafurahi siku nzima, anarudia maneno hayo mpaka mama anamwambia basi. Lakini sisi watoto Mwalimu hakututania hata siku moja. Nilijaribu mara moja kumwita mtani, nikidhani ni jambo la kuchekesha. Alininyooshea kidole cheupe. "Utani ni wa watu wazima," akasema. "Baba yako ni mtani wangu. Wewe ni mwanangu. Kakae chini." Nilikaa chini, na mashavu yaliwaka moto mpaka kengele.

Kumbe utani huo huo ndio aliouingiza darasani kwa mlango wa nyuma. Kila Alhamisi, baada ya mapumziko ya pili, tulikuwa na mdahalo. Benchi la dirishani dhidi ya benchi la mlangoni, na kwa muda wa mdahalo mabenchi hayo ni watani. Semeni mtakalo. Juu ya ubao, ukutani, alikuwa ameandika kwa mkaa, herufi kubwa: ANAYENUNA KASHINDWA. Hakusema anayelia, wala anayekosea. Anayenuna. Midomo ikishakurefuka, hoja zako zote zimekwisha, na unakwenda kisimani kuleta debe mbili za maji za bustani. Anayeijua Handeni wakati wa kiangazi anajua kisima kilikuwa wapi.

Hukuruhusiwa kuchagua upande. Mwalimu alipeleka mikono nyuma ya koti, akachanganya-changanya huko nyuma, akaleta mbele ngumi mbili. Kiongozi wa benchi la dirishani, ambaye ni mimi kwa sababu ya mdomo, nachagua ngumi. Inafunguliwa. Chaki, tunatetea. Mkaa, tunapinga. "Na wenzenu ndiyo hivyo tena," anasema, na ngumi ya pili inarudi mfukoni.

Siku ya kwanza hoja ilikuwa mbuzi ni bora kuliko kuku. Mimi nilikuwa na mbuzi wangu, nilimpa jina, nilimpenda kuliko mdogo wangu. Nikatoa mkaa. Nisimame mbele ya watu nimseme vibaya mbuzi! Nilinuna kabla sijafungua kinywa. Nilipokuwa narudi kisimani na debe la pili, maji yananichuruzika shingoni, Mwalimu alikuwa amesimama bustanini. "Neno usilolipenda lijue kuliko unalolipenda," akaniambia. "Unalolipenda utalisikia nyumbani kila siku." Nilimwona mtu mbaya sana. Alhamisi iliyofuata nilikuwa wa kwanza kukaa.

Alikuwa na kinyume chake kila mahali, mtu yule. Alichukia kelele, akiumwa kichwa hata njiwa akiguna, na Alhamisi aliacha darasa livume mpaka bati linatetemeka. Alitukataza kuhukumu mtu kwa nguo, na yeye mwenyewe hakumwamini mtu anayevaa soksi. Aliandika mwandiko mzuri kuliko wote wilayani, na barua zake mwenyewe akamwomba mkewe aandike, eti mkono umechoka. Kuimba hakujua kabisa. Asubuhi tulipopanga mistari kumwimbia Malkia, alifungua kinywa wazi na hakuna aliyewahi kusikia kilichotoka.

Hilo la kinywa lilikuja kuwa jambo kubwa, kwa sababu siasa ilifika.

Chama cha kudai uhuru kilipoingia Handeni, baba alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuchukua kadi. Aliiweka ndani ya mto wa kulalia, na usiku tukasikia ikilia kwach kwach anapogeuka. Zumbe wetu, ndiye mkubwa wa eneo lile kwa upande wa serikali, yeye alikula mshahara wa Mwingereza na hakuficha. Kisha ukaja waraka kwa walimu wote. Mwalimu aliusoma kwetu kwa sauti, maana alisema jambo linalohusu darasa halifichwi darasa. Mwalimu ni mtumishi wa serikali, waraka ulisema. Asiingie chama. Asiseme siasa mbele ya wanafunzi. Atakayekiuka atapoteza kazi, pamoja na nyumba ya shule.

Nilinyoosha mkono. "Mwalimu, siasa ni nini?"

Akausoma tena waraka, polepole, akaugeuza akatazama mgongo wake. "Haukusema," akajibu.

"Kodi ni siasa?" akauliza kijana wa Zumbe, mtoto wa kwanza wa Zumbe mwenyewe, ndiye kiongozi wa benchi la mlangoni na mmoja wa wale wenye ndevu.

"Haukusema."

"Wimbo wa Malkia je?"

"Wimbo huo tunaimba kila siku kwa amri," akasema Mwalimu, "basi bila shaka siyo siasa." Wala hakucheka. Tuliobaki tulitazamana, na mimi ndipo nilipoanza kujiuliza jambo lililonisumbua miaka: huyu mtu yuko upande gani?

Tulipeleleza, jamani. Lori la chama likipita, Mwalimu alivua kofia. Wenzangu wakasema, mmeona! Gari la Bwana Shauri, Mwingereza mkuu wa wilaya, likapita, akavua kofia. Likapita lori la mkonge la kwenda Korogwe, halina mtu ila dereva na utingo, akavua vile vile. Siku ya wimbo nilijisogeza mpaka karibu na kiwiko chake nisikie anaimba nini. Nilisikia mtu anatafuna hewa. Mwishowe nikamuuliza wazi.

"Mwalimu, wewe ni wa upande gani?"

"Upande wa ubao."

Huko nyumbani hakuna aliyeridhika na jibu hilo. Baba alikuja mpaka dirisha la darasa, jembe begani. "Mtani! Mwanangu anajua mito yote ya Ulaya, hajui kwamba nchi hii ni yake. Wafundishe watoto uhuru!"

"Umekuja na jembe, mtani. Nenda kalime."

"Nakuambia kweli. Kunyamaza nako ni siasa!"

Mwalimu alijishika shavu, akaacha doa. "Huenda," akasema. "Lakini mkinipa mtoto mmenipa masikio yake tu. Mdomo ni wake."

Wiki ile ile Zumbe naye alimwita barazani kwake, akamwambia mtu hula kwa kijiko cha aliyempa, kwa hiyo watoto wafundishwe utii. Akapewa jibu lile lile, la masikio na mdomo, neno kwa neno. Zumbe na baba walikuwa hawaelewani hata juu ya mvua, lakini mwezi ule walikubaliana: mwalimu huyu hafai. Mmoja alimwona kibaraka, mwingine alimwona mchochezi.

Jumanne moja Zumbe aliwatoa watu kufyeka kando ya barabara. Baba alikwenda, akanung'unika, akarudi na malengelenge. Kesho yake asubuhi Mwalimu akaandika hoja ya mdahalo ubaoni: MWINGEREZA AONDOKE. Alhamisi zote hizo tulikuwa tumejadili mbuzi, jembe na kalamu, mvua na jua. Saa ya mapumziko nilikuwa na zamu ya kufagia uani kwake, nikamsikia mkewe jikoni. Safari hii hakuwa na mzaha.

"Baba watoto, waraka umeusoma mwenyewe. Mimi na wana watano hawa utatulaza wapi?"

"Kwa mama yako," akasema Mwalimu.

"Nakuuliza kweli!"

"Na mimi nakujibu kweli. Watoto wanagombana juu ya jambo hili njiani kwa mawe. Afadhali wagombane ndani, kwa zamu."

Nilishika ufagio nikasahau kufagia. Kwa mara ya kwanza nilielewa kwamba Mwalimu anaweza kuondolewa, na niliogopa hasa. Mtu mwenye akili hapo angefunga mdomo. Mimi kufika jioni nilikuwa nimeshaitangaza hoja kwa mama, kwa shangazi, kwa wachota maji wote kisimani, na kwa baba.

Basi Alhamisi madirisha yakajaa. Baba mbele kabisa, amevaa kanzu ya Ijumaa siku ya Alhamisi. Tumekaa tu kwenye mabenchi, tukasikia gari. Akaingia Zumbe, jasho linamtoka, na nyuma yake Bwana Mkaguzi wa shule, Mwingereza mrefu mwenye Kiswahili kilichonyooka kuliko chetu. Akasoma ubao. Akausoma tena.

"Hii ndiyo hoja?" akauliza.

"Ndiyo, Bwana," akasema Mwalimu.

"Endeleeni."

Mwalimu akapeleka mikono nyuma, akachanganya-changanya, akaleta ngumi mbili. Nikachagua. Ikafunguka: mkaa. Mimi, binti wa mwenye kadi ndani ya mto wa kulalia, nipinge Mwingereza kuondoka! Na kijana wa Zumbe, mbele ya baba yake anayekula mshahara, amwambie Mwingereza funga virago! Nilimtazama Mwalimu anihurumie. Yeye alikuwa anaifuta mikono kwenye koti.

Kijana wa Zumbe akasimama. Mwanzo alishikilia ukingo wa benchi, kisha utamu wa maneno ukamkolea. "Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mgeni wetu huyu ana siku ngapi? Na jembe hajashika! Sisi ndio tuliofyeka barabara Jumanne ili yeye apite leo!" Dirishani watu wakalipuka, vigelegele na vifijo, baba yangu akipiga ukuta kwa ngumi. Zumbe midomo ilianza kusogea mbele taratibu.

Zamu yangu. Nilimwona baba pale dirishani anasubiri, na roho iliniuma, lakini debe mbili za maji nilizikumbuka pia. "Mwenzangu anasema mgeni aondoke," nikasema. "Haya, akishaondoka, nani atatuamua? Baba yangu na jirani yake wanagombania mpaka wa mihogo mwaka wa nne sasa. Mihogo! Tuta moja! Tuta moja limewashinda watu wawili, nchi nzima wataiweza wangapi?"

Loo! Walicheka waliokuwa ndani, wakacheka wa nje, jirani mwenyewe alikuwepo akashikilia mbavu. Huko nje mtu mmoja tu hakucheka. Midomo ya baba ilirefuka mpaka ungeweza kutundika kikapu.

Mwalimu akageuka akatazama maandishi ya ukutani, akatazama dirishani, akamtazama Zumbe. "Naona watu wawili wamenuna," akasema. "Debe mbili kila mmoja."

Bwana Mkaguzi akauliza maana yake ni nini, akaelezwa habari ya kununa na habari ya kisima. Akafikiri. "Na akinuna Mwingereza?"

"Kisima ni kile kile, Bwana."

Mtume! Hata baba alisahau kununa. Bwana Mkaguzi masikio yalimwiva, na sote tulimwona anavyohangaika na midomo yake mwenyewe isimponyoke. Mwishowe akaipata, akaivuta pembeni ikawa tabasamu, na watu wakashusha pumzi. Kisha akatugeukia sisi watoto, na hapo ndipo palikuwa na hatari yenyewe.

"Nani kati yenu anadhani mwalimu huyu ni mtu wa chama? Nyosheni mikono."

Tungekuwa na akili tungekaa kimya. Lakini ugomvi huo tulikuwa nao miezi, kila mtu na ushahidi wake wa kofia na wimbo, na sasa mkubwa mzima anauliza. Mikono ikaruka juu, na wangu humo. Kumi na mitatu. Ndipo nilipomwona mke wa Mwalimu mlangoni, amembeba mtoto mgongoni, uso umemkauka. Nikajua tumefanya nini. Tumempa Mwingereza kazi ya mtu na nyumba yake, kwa mikono yetu, tena huku tunacheka.

"Na nani anadhani ni mtu wa serikali?"

Mikono ikaruka vile vile. "Mnaona! Tuliwaambia!" Mabenchi yakaanza kurushiana maneno. Bwana Mkaguzi akahesabu kwa kidole. Kumi na mitatu. Akahesabu upya, maana tulikuwa ishirini na watano. Ni mimi niliyenyoosha mara mbili. Mara ya kwanza kwa kuamini, mara ya pili kwa hofu.

Bwana Mkaguzi alikunja daftari lake. "Miaka mingapi unawafundisha hawa?"

"Minne, Bwana."

"Na hawajui."

"Hawajaajiriwa kunijua mimi, Bwana. Wameletwa kujua kusoma na kusema."

Wakaondoka. Sauti ya gari ilipofifia mbali, mke wa Mwalimu akakaa pale pale kizingitini akacheka huku machozi yanamtoka, na sisi tukabaki tumesimama hatujui kama tumeua au tumeokoa.

Faini ililipwa. Baba alikwenda kisimani jioni ile ile, maana faini ya mtani haikataliwi. Zumbe alimtuma mtu wake na debe, Mwalimu akamrudisha, akasema, "Aliyenuna siyo huyu." Ikapita siku mbili. Siku ya tatu tukamwona Zumbe mwenyewe anakuja na debe begani, anasema kwa sauti kwamba amekuja kukagua bustani ya shule, na maji haya ameyaokota njiani. Mchicha ulistawi mwaka ule. Baba hakunisemesha siku nne. Ya tano akanichukua shambani, nikamkuta jirani anatungoja, wakapanda miche ya mkonge mstari mmoja mpaka mwisho wa mihogo. Mpaka ule upo hadi leo.

Barua ya Mwalimu ilikuja baada ya wiki tatu, wiki ambazo mkewe alikuwa amefunga sufuria zote kwenye kanga. Hakufukuzwa. Alihamishwa. Kuna mtu ofisini, sijui nani, alifungua jalada lake atafute pa kumpeleka, akampangia Bungu. Bungu! Mtu wa jua la Handeni apelekwe kwenye baridi ya milimani, tena ukweni, asiweze kupita njia bila kujificha kichakani mama mkwe anapotokea, asiweze kula akashiba mbele ya wakwe. "Jela yenyewe ingekuwa nafuu," alimwambia baba. "Jela nisingemwamkia mtu shikamoo mara arobaini kwa siku." Baba alimnyang'anya majogoo wawili siku ya kuondoka, kama desturi inavyomruhusu, na Mwalimu akaondoka na kanzu ya Ijumaa ya baba. Walicheka mpaka lori lilipopinda. Baba akarudi ndani, akakaa, akasema vumbi limemwingia machoni.

Miaka ilikwenda. Mimi nilimaliza shule ya kati, na mwaka ule watu walikuwa wanahesabu miezi Mwingereza aondoke, nikachaguliwa kwenda chuo cha ualimu, njia ya Moshi. Baba alinisindikiza mpaka stesheni ya Korogwe, akaenda kuninunulia mkate. Nimekaa juu ya sanduku langu, nikaona koti la kaki linakuja, limechakaa, limefungwa shali ya sufi shingoni katika joto lile la Korogwe. Chini ya kwapa lina boksi la chaki. Alikuwa ameshuka kuchukua vifaa vya shule.

"Shikamoo, Mwalimu!"

"Marahaba, mwanangu. Bado unasema?"

"Nakwenda kusomea ualimu, Mwalimu."

Akatoa mkono mfukoni ajishike shavu, akabadili nia. Mimi nikajua gari la moshi litakuja sasa hivi, na kama sikuuliza leo sitauliza tena.

"Mwalimu, Mwingereza anaondoka. Waraka wake haukuwezi tena. Niambie leo. Ulikuwa upande gani?"

Akaweka boksi chini. Mikono ikaenda nyuma ya koti, ikachanganya-changanya, zikaja ngumi mbili. "Chaki, serikali. Mkaa, chama. Chagua."

Nilichagua ya kulia. Ikafunguka: chaki.

"Basi umeshajua," akasema, na ngumi ya pili ikaanza safari ya kurudi mfukoni.

Roho ilinishuka, nawaambia ukweli. Nilifikiria baba na kadi yake, nikafikiria nitamwambia nini. Halafu sijui ni nini kilichonijia, pengine ni kwa kuwa sasa nilikuwa nakwenda kusimama mahali pake. Nikamshika mkono.

"Fungua na huo mwingine."

Akasimama kabisa. "Miaka yote," akasema taratibu, "darasa baada ya darasa. Wewe ni wa kwanza kusema hivyo." Akafungua. Chaki.

Nilizitazama chaki mbili zile. Na Alhamisi ile? Ikanijia yote kwa pamoja. "Siku ile ya mkaguzi! Zilikuwa mkaa zote mbili!"

"Barabara ilifyekwa Jumanne," akasema. "Zumbe hafyekeshi barabara apite ng'ombe. Nikajua nani anakuja. Nani angemwadhibu mtoto wa Zumbe kwa kusema Mwingereza aondoke? Na wewe binti wa chama, ukimtetea Malkia, nani atakugusa?"

"Na Alhamisi zote nyingine?"

"Kila mtu nilimpa upande ambao hakuupata nyumbani kwao."

"Hata mbuzi wangu?"

"Hasa mbuzi wako."

Hasira ilinipanda, wallahi. Debe mbili! Na machozi yangu! Mtu aliyetuimbia haki miaka minne, kumbe mdanganyifu wa wazi, mchana, mbele ya darasa zima. Nikasikia midomo yangu inaanza kwenda mbele yenyewe.

"Angalia, angalia," akasema. "Unanuna."

"Sinuni!"

"Unanuna, mwanangu, naiona."

"Sinuni, Mwalimu! Na hujanijibu. Chaki zote mbili, basi ulikuwa wa serikali?"

"Hii?" Akaziangalia chaki zake kwa mapenzi. "Hii ni chaki. Mimi ni mwalimu, nitashika nini?"

Gari lilipiga honi kutoka upande wa Tanga. Baba alikuwa anakuja mbio na mkate, amemwona, anamtukana kutoka mbali, mbeba mizigo, hujafa tu, kanzu yangu iko wapi. Na mimi nikashindwa. Kicheko kilianzia tumboni, kikaja chote, nikashika sanduku nisianguke, na Mwalimu naye akacheka mpaka akakohoa ndani ya shali yake. Nilipopata pumzi nilimpokonya chaki zote mbili mikononi, nikapanda gari nazo. Hakuzidai. Alikuja mpaka dirishani, mashavu yana madoa, akavua kofia.

"Hukununa," akasema. "Umeshinda, mtani."